Ubao wa Chini, Upande wa Mama

Musoma
14 Aprili 1993

Kwa Marcelina,

Sitaanza kwa kukueleza kwamba mimi ni mzima, wala sitakuuliza hali yako. Tumeonana juzi, Jumatatu ya Pasaka, na sote wawili tulikuwa tunapumua.

Nakuandikia kuhusu ukuta.

Nilipoingia sebuleni na kuuona, Mama alikuwa amekaa pale na akina mama wa kanisani walikuwa wanakunywa chai. Na mimi nikanywa. Lakini niliporudi kwangu nilifungua shajara, kama nifanyavyo kila siku tangu kidato cha kwanza, nikaandika: "Nyumba ya mama yangu imepandishwa sakafu ukutani." Niliisoma mara ya pili nikitafuta kosa, sikuliona.

Mbao hizo nazijua. Walikuwa nazo Wazungu wa mradi wa maji katika nyumba yao ya kando ya ziwa, kabla hawajafunga virago. Niliwahi kuzikanyaga nilipotumwa na ofisi kupeleka bahasha. Uso wake ni picha ya mbao, tumbo lake ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ni kitu cha kukanyagwa, Marcelina. Kilitengenezwa kwa ajili ya nyayo. Wewe umekipandisha mpaka usawa wa uso wa Mama, akae kitini kwake akitazama mahali pa kuwekea miguu.

Na chini yake unajua pana nini. Kama ulisahau, nakukumbusha. Mwaka 1974 tulipohamishiwa kijijini, Baba alikwisha kuzikwa kule kwenye mji wetu wa zamani, ambao sasa ni mahame. Wenzetu walibeba milango na mabati. Mama alibeba udongo. Tuliuchimba uwanjani kwa Baba, tukaubeba kwa karai vichwani, mimi na yeye, tukaenda na kurudi mpaka shingo zikafa ganzi, na kwa udongo huo akaukandika ukuta wa sebule kwa mikono yake. Mumeo Renatus alipojenga upya kwa tofali alizibadilisha kuta zote, ule akauacha na fito zake na udongo wake. Ndicho kipande pekee cha mji wa Baba kilichobaki. Umekifunika kwa takataka za Wazungu.

Halafu hata kazi yenyewe ni mbovu. Ubao wa chini kabisa, upande wa kiti cha Mama, haujagongewa hata msumari mmoja. Unaning'inia kwa vipande vya mpira wa tairi kama mlango wa banda la kuku. Niliugusa kwa kidole cha mguu, ukacheza.

Nataka maelezo.

Pelagia Wanzagi


Butiama
18 Aprili 1993

Wifi Pelagia,

Barua yako kaileta Boniphace dereva, umeipaka gundi pande zote kana kwamba ndani kuna mshahara. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa, ni ile ile.

Unataka maelezo. Nilitaka sebule ipendeze, basi. Siku hizi ni ruksa. Tulipangaga foleni ya sabuni mpaka tukasahau tunachofua, saruji ilikuwa kwa kibali, mtu akipaka chokaa anaulizwa kaipata wapi. Sasa vitu vipo na mtu akitaka kupamba kwake anapamba. Mbao kazinunua fundi Masatu wa Kabasa, pale Bunda. Ndiye aliyeniambia sakafu yetu ina unyevu, zikilazwa chini zitavimba, ila ukutani zinakaa. Aliziacha ndani kwanza zizoee hewa ya nyumba. Alipiga papi, zile mbao nyembamba, kwenye nguzo, akachomeka ubao kwa ubao, na pembeni akaacha nafasi ili mvua zikija zipate pa kutanukia. Wewe uliyezikanyaga hukuyajua hayo.

Ubao wa chini uache. Ndivyo nilivyotaka ukae.

Unasema ni kitu cha kukanyagwa. Wifi, humu ndani kuna watu wamekanyagwa miaka na hawajawahi kuandikwa kwenye shajara.

Na kwa kuwa umeleta habari ya udongo, tuulizane. Nilipoolewa, Desemba ya kwanza, nilichukua ndoo nikaukandike ule ukuta na wengine. Ukanipokonya ndoo mkononi mbele ya majirani. Ukasema ukuta wa mama hukandikwa upya na binti zake kila Desemba, mkamwana haugusi. Nikakaa pembeni kama mgonjwa. Haya, binti ni wewe peke yako. Desemba ya mwisho uliyokuja na ndoo ni ipi? Fungua hiyo shajara yako, inakumbukaga kila kitu.

Mama anakusalimu. Tangu uondoke anasema jinsi gauni lako lilivyokukaa vizuri.

Marcelina, mke wa Renatus


Musoma
21 Aprili 1993

Marcelina,

Nimeifungua. Ni Desemba ya 1986. Umefurahi?

Mwaka uliofuata basi lilikaa Kiabakari siku nzima halina dizeli, nikarudi. Mwaka mwingine niliumwa. Baadaye ofisini wakaanza kupunguza watu, na anayeomba likizo wakati wa kupunguzwa anarahisisha kazi ya wenye orodha. Hayo nakueleza si kwa sababu nina deni la maelezo kwako. Nakueleza ili ujue kwamba kuchelewa kukandika ukuta na kuuziba ni mambo mawili.

Pengine nakulaumu bure. Mtu aliyekulia kambi ya wavuvi Rukuba, ambako ukuta ni mafunjo na turubai, na dagaa wakihama mnakunja nyumba mnaitia mtumbwini, ataujulia wapi ukuta? Kwenu nyumba ni mzigo. Kwetu nyumba ni mtu.

Lakini kuna jambo zito kuliko mbao. Mama amekonda. Niliposhika mkono wake kumuaga niliona kucha zake zina udongo mwekundu mpaka kwenye nyama. Mama huyu alikuwa akitufinya masikio akituona na kucha chafu kabla hatujaenda shule. Unamlimisha? Au ndiye anayekuchimbia viazi wewe ukiwa sebuleni unatazama urembo wako?

Kwa hiyo nakuandikia mara moja, kwa utaratibu, ili usiseme hukuelezwa. Mbao hizo ziondolewe kabla ya katikati ya Mei. Zisipoondolewa nitakuja kumchukua Mama akae nami hapa Musoma. Nina chumba na sebule, maji yapo karibu, hospitali ni mwendo mfupi. Nyumba utabaki nayo, ujaze sakafu mpaka kwenye dari.

Pelagia


Butiama
24 Aprili 1993

Baba Boke,

Dada yako ameona kucha.

Nimekaa na barua yake tangu jana; ya kwanza ililalamikia ubao wa chini kwamba unacheza. Ukienda kulala huko Kabasa baada ya kupima pamba za watu, ujue mkeo huku anaitwa mtu wa turubai. Sijali, nimezoea. Ila sasa anataka kumchukua Mama, na hilo siwezi kulijibu kwa matusi.

Wewe uliona kwa macho yako mwezi wa pili. Fito zilikuwa zimetoka nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mama alikuwa amechota ule udongo kwa kijiko mpaka upande wa kitanda chake unaona mwanga. Masatu alisukuma kwa kiganja ukuta ukacheza, akasema, "Shemeji, huu mvua hii ukipona, ijayo unamlalia bibi." Nikamwambia bomoa tujenge tofali. Mama akakaa chini mbele ya ukuta, akasema na yeye abomolewe. Ndipo Masatu akasema zipo mbao anazo, nyepesi, zikipigiliwa kwenye papi zitaukumbatia ukuta usianguke, na ubao wa chini upande wa kiti chake aufunge kwa mpira, uwe unafunuka. Wewe ulikuwepo. Ulicheka ukasema mke wako ana akili.

Na tangu hapo tumeishi. Kila Ijumaa anaufunua mwenyewe, anatoa kijiko chake anachokiwekaga humo nyuma, anachota kimoja, anakifunga kwenye pindo la kanga. Tunateremka polepole mpaka mahameni. Anamwaga kichwani pa kaburi la Baba yenu. Anasema, "Wanzagi, niliuazima uwanja wako, nakurudishia kidogo kidogo." Tunarudi. Anakula. Wiki niliyougua malaria hatukwenda, hakula mpaka nilipoamka nikampeleka nikijikokota.

Siku nyingine kichwa kinamkaa sawa kabisa. Siku hizo ndizo anazonishika mkono na kusema, "Pelagia asijue. Akijua nimekuwa hivi atanipeleka Musoma nikafe kwenye chumba cha kupanga, na mimi siwezi kumkatalia, ndiye mtoto niliyemsomesha." Dada yako akija anavaa gauni la kitambaa, anakaa wima, anauliza habari za ofisi. Akiondoka tu analala kutwa, amechoka kama aliyetoka kulima.

Mimi aliniapisha. Wewe hakukuapisha. Mwandikie dada yako. Au nipe ruhusa niseme mimi, nivunje kiapo, Mungu atajua. Majirani nao wameanza. Mke wa Makongoro aliniuliza kisimani kama ni kweli bibi anakula udongo kwa kuwa ugali ninampimia.

Nijibu haraka. Usinijibu kama unavyojibuga.

Mama Boke


Bunda
29 Aprili 1993

Dada Pelagia,

Shikamoo. Natumaini kazi inaendelea vizuri huko ofisini na ule upunguzaji umewapita. Hapa Bunda wanunuzi binafsi wameanza kuzunguka kabla hata pamba haijapasuka, kila mtu ana mizani yake, ni vurugu tupu, ndiyo sababu sijapata nafasi ya kufika Musoma tuzungumze.

Mama Boke ameniandikia kuhusu kutoelewana kwenu juu ya zile mbao. Dada, mimi ndiye mwenye nyumba na mimi ndiye niliyeziruhusu, kwa hiyo nilaumu mimi. Zina sababu yake, ambayo ni vizuri tuizungumze uso kwa uso tutakapokutana sikukuu. Si ya kuandika. Nakuomba tu usimwondoe Mama. Pale ndipo alipozoea.

Najua wewe ni mtu wa kazi safi na jicho lako halipitwi. Ukiona pana kasoro ya ufundi, kwa mfano huo ubao ulioulalamikia kwa Mama Boke, hayo ni mambo madogo, yanarekebishika. Mbao zibaki, kasoro irekebishwe, na amani irudi. Nadhani hapo kila mmoja atakuwa amepata chake.

Nimewaandikia nyote wawili maneno hayo hayo ili asiwepo wa kusema nimependelea.

Nisalimie majirani.

Mdogo wako,
Renatus


Musoma
10 Mei 1993

Marcelina,

Nilikuja jana Jumapili. Hukuwepo. Boke aliniambia umekwenda kwenye maziko huko Mugeta. Nilibaki na Mama mpaka saa ya gari.

Ndugu yangu ameniomba nizikubali mbao. Nimezikubali, kwa ajili yake. Sina nguvu ya kupigana na watu wawili kwa mara moja. Lakini ameandika pia kwamba kasoro irekebishwe, na kwa kuwa najua wewe hutairekebisha mpaka ukuta uanguke, nimeirekebisha mwenyewe.

Nilikwenda na nyundo, misumari na futi. Nilikata ile mipira ya tairi. Nikausukuma ubao ukaingia kwenye mfereji wa mwenzake, ukakaa sawa. Nikaugongea kwenye papi kuanzia kona hadi kona, vichwa vya misumari nikavizamisha, nikavipaka nta ya mshumaa. Nyuma ya ubao palikuwa na kijiko kikuukuu kimeanguka, sikuhangaika nacho. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko muda uliotumia kuniandikia kwamba niuache.

Mama alikaa kitini akinitazama. Nilifurahi, kwa sababu mara nyingi nikija tunaongea habari za ofisini tu, lakini jana alifuatilia kila msumari. Nilipogonga wa mwisho aliniuliza, "Na mimi nitapita wapi?" Nikamwambia, "Mama, mlango si ule pale." Akauangalia mlango, akasema, "Ni kweli, mwanangu. Mlango upo." Nimeandika hilo kwenye shajara kwa kuwa ilikuwa siku njema.

Unaona mambo yanavyokwenda mtu akifanya kazi hadi mwisho wake.

Pelagia


Butiama
16 Mei 1993

Pelagia,

Nimekuita wifi miaka yote hii. Leo sikuiti.

Mama yupo zahanati. Kifua kimejaa, wanasema ni nimonia. Mganga ameagiza dawa Musoma, kwa hiyo Boniphace akikupa barua hii mpe na dawa, maelezo anayo.

Sasa nitakwambia, na kiapo nimekivunja, dhambi yake tutagawana.

Ule ubao haukuwa kasoro. Ulikuwa mlango wa Mama. Ndio alioulizia, ukamwonyesha mlango wa mbuzi na kuku. Mama yako huu ni mwaka wa pili anachota udongo wa ule ukuta kumrudishia Baba yako kaburini. Alichota mpaka ukuta ukataka kumwangukia kitandani. Hizo mbao ndizo zilizokuwa zimeushika. Hapakuwa na urembo wowote, mimi nitakaa nipambe sebule nani aje kuiona? Tulimwachia ubao mmoja unaofunuka, achote kijiko kimoja kila Ijumaa, nimpeleke mahameni akamwage, arudi ale chakula. Udongo uliouona kwenye kucha ni huo. Kukonda kwake ni kwamba ni mtu mzima na anakula akishatimiza lake tu. Sikukwambia kwa sababu alinikataza, na alinikataza kwa sababu alijua utasema nini. Ukasema hicho hicho, neno kwa neno: chumba na sebule, maji karibu.

Kijiko "kikuukuu" ni chake. Ulikipigilia ndani.

Niliporudi Mugeta nikaona ubao, nilidhani Masatu kapita. Mpaka barua yako ikafika Jumatano. Nikatafuta nyundo kwa Makongoro, hana, kaiazima mtu. Nikasema Ijumaa asubuhi nitaipata. Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Stanislausi kule ng'ambo kuiomba. Nimerudi nayo mkononi, kiti kitupu. Ubao una alama za kucha kando yote ya chini. Kwenye msumari mmoja palikuwa na damu. Nta yako ilikuwa imebanduka.

Mvua ilianza nikiwa njiani kumtafuta. Matiko mchunga ng'ombe alimkuta kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye kaburi, kanga imelowa imemgandia, mikono ameifungua hivi, mitupu. Matiko anasema alimkuta akimwambia Baba yenu, "Wanzagi, sikukataa. Wamenifungia." Hakutaka kunyanyuka. Akasema hawezi kurudi nyumbani kwa sababu hajatoa kitu. Tulimbeba.

Ukija usije na mtu wa kanisani, usije na maneno. Na ile nyundo yako iache Musoma.

Marcelina


Musoma
26 Mei 1993

Marcelina,

Ulisema nisije na maneno, sikuja nayo. Tulikaa pande mbili za kitanda kile siku zote zile na sidhani tulisema zaidi ya "shika kikombe" na "mgeuze". Sasa nimerudi kazini, na yapo machache ya lazima.

Dawa ya mwisho anywe Ijumaa. Mganga amesema kifua kimefunguka lakini miguu haitarudi. Hilo ulilisikia na wewe. Nalirudia kwa sababu linaleta swali.

Kabla sijaja zahanati ile Jumatatu, nilipitia nyumbani. Boke alinifungulia. Niling'oa misumari yote. Nilikuwa nimeizamisha mno, ikabidi nichimbe kwa kisu, kwa hiyo uso wa ubao umechubuka. Mpira wa tairi sikuupata. Nilikata ndala zangu, nikafunga kwa mpira wake. Nilijaribu kuufunua na kuufunga mara kadhaa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Mama, ili nijue mkono wake unafika. Unafika. Kijiko nimekirudisha mahali pake. Nilikwenda zahanati pekupeku, ukanitazama miguu, hukuuliza.

Uliniuliza mwezi uliopita Desemba ya mwisho ni ipi. Nilikujibu kwa jeuri. Sijui namna ya kuandika linalofuata baada ya sentensi hiyo, kwa hiyo siliandiki.

Simchukui Mama.

Swali ni hili. Yeye hawezi kuteremka tena mahameni. Ijumaa bado ipo, na udongo usipopelekwa hataki kula, nililiona mwenyewe pale zahanati mpaka ulipokuja na kijiko cha uji ukamnong'oneza. Nimeomba ofisini wanipe ruhusa Ijumaa mchana. Mkubwa wangu amenuna, ameniambia wakati huu si wa kuomba ruhusa. Nimeomba hata hivyo. Naweza kufika tarehe 4 Juni. Sijui kama binti anaruhusiwa kumpelekea mama yake, au lazima awe yule aliyekuwa akienda naye. Zamani nilikuwa naijua mila hii kuliko wewe. Sasa wewe ndiye unayeijua.

Nakuuliza.

Pelagia


Butiama
30 Mei 1993

Wifi,

Nimeandika neno hilo kwa sababu Mama alikuwa anaangalia nikiandika. Sijakusamehe. Usidhani ndala zimetosha.

Alichonong'onezewa ni kwamba Pelagia atampelekea. Nilikuwa naongopa ili anywe uji. Akaniuliza, "Kwa miguu yake?" Nikasema ndiyo. Kwa hiyo njoo, usinifanye mwongo mbele ya mtu mzima.

Ukifika atakuwa kitini, nitakuwa nimemvalisha. Usimweleze habari za ofisi, huwa zinamchosha. Siku zote zilikuwa zinamchosha. Funua ubao mbele yake aone. Ndala yako inalegea upande wa kushoto, nimekaza kwa sindano.

Kwenda nitatangulia mimi. Njia imefunikwa na nyasi na wewe huijui tena. Kama hutaki tuongee njiani tusiongee, mimi na Mama tulikuwaga hatuongei, anachoka. Ukifika kaburini mwite Baba yako kwa jina, umwambie nani kakutuma. Halafu mwaga. Usilie pale, atauliza kama umelia na mimi sitaongopa mara ya pili.

Masatu amepita akautazama ukuta. Anasema Desemba ukikandikwa vizuri, kwa udongo wa mahameni huko huko, utasimama. Nimemwambia hiyo ni kazi ya binti. Akasema kwa eneo lile binti mmoja hawezi, mwingine wa kukoroga udongo lazima awepo. Ndoo ninayo. Ukinipokonya tena, tutaonana.

Shajara yako iache nyumbani, mvua bado zipo, italowa.

Kijiko kipo nyuma ya ubao. Chota kimoja tu, na usikijaze. Ukuta umebaki mwembamba, na Mama bado yupo.

Marcelina